Alama za Vidole Vyako kwenye Bafle

Mama yangu mpendwa,

Papa yuko salama. Anakula, ingawa bado anaacha nusu ya sahani. Nakuandikia kwa sababu ya jambo nililolifanya nyumbani kwenu Kamenge Jumapili iliyopita, nikidhani natenda wema.

Unazikumbuka bafle zake, zile spika kubwa za mbao zilizo pande mbili za kabati la vyombo. Ile ya karibu na kiti chako ilikuwa na kasoro. Kikofia cha duara kilicho katikati ya karatasi yake kilikuwa kimebonyea mahali kadhaa. Nilipokiona mara ya kwanza niliwalaumu wanangu. Kezia alilia, akaapa hajagusa, nami nikamwambia aache uongo. Wewe ulikuwa umeketi palepale, ukitutazama na kutabasamu.

Basi Papa alipokwenda kwenye mkutano wa kanisa, nikaifuta bafle vumbi. Nikabandika kipande cha skochi, ule utepe wa kunata, juu ya kibonyeo, nikakisugua kishike, nikavuta taratibu. Kibonyeo cha kwanza kikatoka kwa mlio mdogo, kama kifuniko cha kopo. Kilichofuata hakikusumbua. Cha mwisho kilikuwa na mkunjo wa siku nyingi. Nikaulainisha kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, nikarudia kuvuta mpaka kikafuata. Nilifurahi, Mama. Nikaweka nyimbo za kwaya yenu, nikamsubiri Papa nikiwa na kiburi cha fundi.

Aliingia, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chako. Sikujua kwamba tangu tukuzike anaketi hapo. Akapeleka mkono kwenye bafle bila kuangalia. Vidole vyake vikatafuta, vikazunguka, vikasimama.

"Désiré, ni we umetengeneza hii?"

"Ni mimi, Papa. Watoto walikuwa wameiharibu."

"Apana. Haikuwa watoto." Alizima muziki. "Ilikuwa mama yako."

Ndipo akanieleza. "Masikio yake yalikufa. Moja lilianza, na lingine likafuata. Mi nilikuwa naweka nyimbo, yeye anaweka vidole hapa, anajua ni wimbo gani kwa vile inatetemeka. Penye sauti nzito alikuwa anabonyeza sana."

"Tangu lini?"

"Kezia alikuwa bado hajazaliwa."

Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia.

"Alinikataza. Alisema mukijua, mutaacha kumuongelesha. Mutakuwa munaongea na mi tu, yeye munamupita."

Mama, Kezia sasa anasoma mwenyewe. Jumapili zote hizo nilikuja kwako. Nilikuwa naketi kwenye kigoda na kukumwagia shida zangu za ofisini kule Rohero, za ndoa, za kodi ya nyumba. Ulikuwa unanishika kidevu na kunigeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Nilidhani unanibembeleza, kumbe ulikuwa unaisoma midomo yangu. Ulipoacha kwaya ulisema ni magoti, nikakuletea dawa ya kuchua. Nikipiga simu, Papa ndiye aliyepokea daima na kunirudishia majibu yako, nami nikamlalamikia mke wangu kwamba mzee hampi Mama nafasi ya kusema. Nilikuwa mbele yako, nikiongea bila kupumua, na sikukuona.

Nilimwambia Papa kwamba karatasi ile bado ni laini, naweza kuibonyeza irudi ilivyokuwa. Akaniuliza:

"Na vidole vya nani?"

Aliwasha muziki tena, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Inalia vizuri. Umefanya kazi." Nilijua ananihurumia.

Nyumbani nilimwita Kezia, nikamwomba msamaha. Akaniuliza, "Sasa Bibi hakusikia niliposema si mimi?" Nikamwambia hukusikia. Akalia upya, na safari hii alikuwa anakulilia wewe.

Siwezi kukasirika kwamba mlinificha. Uliogopa tungekupita, na labda tungekupita kweli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini wewe ulikuwa msomaji, Mama. Ulisoma hata magazeti yaliyofungiwa sukari, mpaka maneno ya pembeni. Ningeandika. Ningekuachia ukurasa mmoja mezani kila Jumapili, ukausoma kwa nafasi yako, neno kwa neno, bila kubahatisha chochote kinywani mwangu. Kazi yangu ni ya kalamu, Mama, na barua hii ndiyo ya kwanza kukuandikia.

Pumzika. Papa tutamtunza.

Mtoto wako wa mwisho,
Désiré