Mwenyewe Kafa, Mtaro Umeziba

Kaka Salum,

Baba huja kukuzuru kila Ijumaa. Mimi naambiwa nikuombee dua nyumbani, nami naomba. Lakini yapo mambo ambayo si ya dua, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu ulipoanguka mkarafuuni, Mama hataki kusikia habari za karafuu. Vitabu vyako nimevihamishia kwangu. Ulikataza nisikunje kurasa. Nimezikunja, kaka. Njoo unigombeze.

Baada ya arubaini yako nilikwenda chuoni kuchukua vitu vyako vilivyobaki dahalia, katika bweni ulikolala. Nilisikia harufu kabla sijauona msikiti wa chuo. Ule mtaro wako, wa kupeleka maji ya udhu bustanini, ulikuwa mweusi, na migomba imekuwa rangi ya njano. Pembeni alisimama Bwana Hamad wa ofisi ya mazingira na mifuko miwili ya saruji. Alinipa pole, kisha akasema:

"Mradi wa marehemu umekwenda na mwenyewe, mwanangu. Tunauziba. Wageni wanakuja kukitazama chuo chetu cha kijani."

Chuo cha kijani! Chuo kizima kinatawadha mara tano kwa siku, maji yaende kuoza nyuma ya ukuta, halafu kisima kikaushwe kwa kumwagilia migomba? Hayo yalikuwa maneno yako. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikasikia mtu anasema, "Mwenyewe kafa. Mtaro umeziba tu."

Mtu huyo alikuwa mimi.

Bwana Hamad akaniuliza najua nini mimi, mtoto wa skuli. Nikamwambia upande wa wanawake, wanakotawadhia, nimeupima mimi. Unakumbuka? Wewe huwezi kuingia, umesimama nje ya ukuta na daftari, mimi ndani na futi kamba, nanong'ona vipimo. "Sema kwa sauti, Riziki! Ukuta haukuli!" Nilicheka mpaka nikasahau namba, tukapima upya.

Basi nikaingia tena. Palepale nikaona kosa letu. Tulipima asubuhi, hapana mtu. Mchana, wanafunzi wa dahalia huosha vyombo vyao vya chakula kwenye mifereji ile ya kutawadhia. Wali, mafuta, miba ya samaki, vyote vinaingia mtaroni. Wewe na mimi tulipiga hesabu ya maji ya kuoshea viungo, hatukupiga hesabu ya mchuzi.

Nikawaomba wale niliowakuta wasioshe vyombo pale. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Mmoja akasema, "Hebu! Huyu katumwa na nani? Akikua huyu atakuwa sheha wa mtaa mzima!" Wakacheka wote. Nilitaka kukimbia, wallahi. Lakini saruji ilikuwa nje. Nikakunja mikono ya baibui, nikachutama, nikaanza kutoa uchafu mdomoni mwa mtaro kwa vidole.

Kicheko kikapungua. Dada mmoja akaniuliza, "Wewe nduguye Salum?" Nikaitika kwa kichwa. Akaweka bakuli lake chini, akachutama karibu yangu. Kisha wakaja wengine wawili, na yule aliyeniita sheha akaleta ndoo. Mpaka adhana ya Alasiri, maji yalikuwa yanapita.

Bwana Hamad akatupa wiki moja: harufu ikirudi, anaziba. Haikurudi. Saruji ikaenda kufanyiwa kazi nyingine. Siku ya wageni alisimama mbele ya migomba akauita "mradi wa ofisi yetu". Nilimwacha aseme, kwa sababu maji yalikuwa yanapita nyuma yake.

Baadaye akaja na fikira ya kibao chenye jina lako. Labda alitaka kunifurahisha. Nikamwambia, "Jina la kaka yangu tunalitaja kwenye dua. Kama kibao kipo, kiandikwe: USIOSHE VYOMBO HAPA." Kimetundikwa upande wa wanawake. Herufi nimeziandika mimi.

Usidhani sikulii. Nalia. Ila sitaki mtu aniambie tena kwamba kitu chako kimekwisha kwa kuwa wewe hupo. Nakuahidi kila Jumamosi nitaukagua mtaro, mpaka nitakapoingia chuo hicho kwa cheti changu mwenyewe, na hapo hawatakuwa na pa kunifukuzia.

Mola akupanulie mahali ulipo, kaka yangu. Naishia hapa. Leo ni Jumamosi, na nasikia jana dahalia walipika biriani.

Mdogo wako,
Riziki