Herufi Zisizosikika

Jumatatu, 5 Juni 1972

Imla tena, Kidato cha Nne. Mimi nasoma Kifaransa, wasichana wanaandika. Wiki ya tatu mfululizo. Naipenda imla kwa sababu moja: kinywa kinachosema ni changu. Maswali nauliza darasa zima, wanajibu kwa pamoja, kelele hadi barabara ya Nyakoe. Kelele hiyo ndiyo mkongojo wangu.

Mwalimu Mkuu ametangaza wakati wa chai ya saa nne. Mkaguzi wa Kifaransa anakuja kutoka Nairobi tarehe 27. Atawasikiliza wasichana mmoja mmoja. Moraa, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne, alifurahi sana aliposikia. Ameahidiwa nafasi katika chuo cha ualimu akifaulu mtihani wa mdomo mwishoni mwa mwaka. Mimi chai ilinipalia.

Alhamisi, 8 Juni

Niandike ukweli, daftari halina mdomo. Masikio yanakufa. Ni zile sindano za kifua kikuu mwaka jana, kila asubuhi, miezi mitatu. Kifua kimepona. Daktari alisema huenda masikio yakalia kidogo. Yanalia mchana kutwa kama nyenje.

Zilizotangulia kuondoka ni s, f na t. Irabu bado zipo. Kwa hiyo Kifaransa ndicho kinaniacha kwanza. Lugha ya choyo. Wakati wanauita temps, herufi tano, sikio linagawiwa mbili. Mtu ni homme, wanameza mwanzo, wanameza mwisho. Kiitaliano hakina siri. Tempo. Uomo. Kilichoandikwa kinasemwa, na neno linaishia kwenye irabu kama Ekegusii chetu. Omonto. Vitabu vinasema hizo lugha mbili za Wazungu ni ndugu wa tumbo moja. Sawa. Lakini mmoja anakuita akiwa mlangoni, mwenzake ananong'ona ndani ya blanketi.

Jumamosi, 10 Juni

Keroka, kwa Beppe. Fundi wa malori, Mwitaliano. Aliletwa nchini akiwa mateka wa vita, vita vikaisha, yeye akabaki. Kiitaliano changu chote nimekipata kwake, nikiosha vipuri kwa mafuta ya taa kila likizo. Leo amenisimulia habari za giaboksi iliyovunjika, saa nzima, injini inanguruma ubavuni. Nimesikia yote. Kila neno, mpaka mkia wake. Karibu nilie.

Akauliza mbona namtazama mdomo. Nikasema ana ugali kwenye ndevu. Akajipangusa. Hakukuwa na ugali. Nimemdanganya mzee wa watu.

Jumatano, 14 Juni

Moraa alisoma peke yake. Mwanzoni niliambulia neno moja moja. Nikamwambia ninachowaambia siku zote: fungua kinywa, nipe neno lote hadi mwisho. Akanipa lote. Nikasikia. Nikamsifu. Siku hizi darasa zima linasoma hivyo, wazi, bila kumung'unya. Leo nimetoka darasani nikitembea kama mtu mzima wa afya. Pengine tarehe 27 itapita salama.

Jumapili, 18 Juni

Nimekuja Manga kwa mama. Huku mtu hatumi mtu kwenda kuita. Anasimama ukingoni mwa boma na kuita, bonde linabeba jina hadi ng'ambo. Langu ni Nyakundi. Ile i ya mwisho mama huivuta mpaka mbwa wa majirani wabweke.

Leo baada ya kanisa nilikuwa ng'ambo, natazama shamba la chai aliloliacha baba. Mama aliita. Sikusikia. Alishuka, akavuka mto kwa magoti yake mabovu, akanishika bega.

"Tata, masikio umeyasahau shuleni?"

Ndivyo mama zetu wanavyowaita wana wao, tata, baba. Alicheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka.

Basi irabu nazo zinakwenda. Naogopa. Naogopa sana.

Jumanne, 27 Juni

Mkaguzi ni mrefu, na masharubu yamefunika mdomo. Sikumpata hata neno.

Moraa alisimama wa kwanza. Alisoma kwa madaha, kinywa wazi. Mkaguzi akaweka kalamu chini. Akamsimamisha wa pili. Wa tatu. Kisha akanigeukia na kusema kitu. Nikatabasamu. Akarudia. Nikatabasamu tena. Wasichana wote wakainamisha vichwa.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyeniandikia kwenye karatasi. Mkaguzi anasema wasichana wanatamka kila herufi, Kifaransa chao kinasikika kama Kiitaliano. Wakienda hivi kwenye mtihani wa mdomo wataanguka wote. Anauliza ni nani amewafundisha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungojea kifo. Nimeumbuliwa nikiwa na chaki mkononi, mbele ya watoto wa watu.

Jumatano, 28 Juni

Nimemweleza Mwalimu Mkuu yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Muhula ujao ataletwa mwalimu mwingine, mimi nitapewa maktaba.

Jioni Moraa alinifuata nje ya ofisi. Aliandika kwenye daftari lake, akanigeuzia.

"Tulijua tangu Februari, Mwalimu. Tulikuwa tunasoma hivyo ili utusikie. Tuliona haya kukuambia."

Halafu chini yake: "Sasa ulimi umezoea."

Najua haya hiyo, nimelelewa nayo. Mtoto wa Kisii hamwonyeshi mkubwa wake aibu yake. Anaangalia pembeni, anaifunika. Wamenifunika mimi, wakabaki wazi wenyewe. Wasichana thelathini wameiharibu lugha kwa adabu, na mimi nikawasifu. Nina hasira. Wao hawana kosa.

Jumamosi, 1 Julai

Nimeshinda mezani na kalamu nyekundu. Kitabu cha Moraa cha kusoma. Nakata kila herufi isiyotamkwa, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zimekuwa nyekundu kama ndui. Kazi hii haihitaji masikio. Kimya cha Kifaransa nakijua kwa kichwa.

Watapokezana kitabu. Imebaki miezi minne. Sijui kama itatosha. Sidhani.

Alhamisi, 6 Julai

Moraa alinisomea ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata wino mwekundu. Midomo yake ilifunga mapema. Alisimama mara mbili, akarudi nyuma, akaendelea. Sikusikia karibu chochote.

Nikamwambia, hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Julai

Manga. Mvua asubuhi, baadaye jua. Nilikuwa ng'ambo kwenye chai.

Mama hakuita. Alitundika leso nyekundu juu ya ua, upande unaotazama bonde. Niliiona. Nikashuka, nikavuka mto, nikapanda. Ugali ulikuwa bado wa moto.