Alhamisi Uliyonisubiri Temeke

Mpendwa Tatu,

Najua kusoma hujui, uliniambia mwenyewe bila kuona haya. Kwa hiyo yeyote atakayekusomea barua hii namwomba asiruke mstari, hata ule utakaomtia aibu kuutamka mbele yako. Aibu ni yangu, si yake wala si yako.

Nilipokuja kwako mara ya kwanza nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke Masasi. Nilikuwa seremala katika karakana moja ya Chang'ombe, nikiranda mbao kutwa nzima, nikilala chumba kimoja na wenzangu watatu. Mmoja wao ndiye aliyenielekeza. Akaniambia, "Yule si wa kugongewa mlango ovyo. Pita kwanza kwa Bi Hadija muuza vitumbua, useme unataka siku gani." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Siku ile ya kwanza hukunikaribisha ndani hata kidogo. Ulitoka ukasimama barazani, kanga yako umeifunga vizuri, ukaniuliza jina, kazi, na watu wangu ni wa wapi. Kisha ukanipa masharti yako taratibu, kama mama mwenye nyumba anavyompa mpangaji mpya.

"Bwana Beni, mie sina mtu wa kunisimamia. Chumba changu, ufunguo wangu. Ukitaka kuja, niambie mapema. Siku moja kabla, mpitie Bi Hadija kabla ya adhuhuri umwambie kama bado unakuja. Nikishasema ndiyo, siku hiyo sipokei mtu mwingine. Ukipata dharura, sema. Sitakuuliza dharura gani. Ila usiniache nimekaa."

"Na wewe ukipata dharura?" nikauliza.

"Nitakuambia kwa kinywa changu. Sitamtuma mtu kazini kwako hata siku moja. Siwezi kumwaibisha mtu mbele ya wenzake."

Ndivyo tulivyokwenda, mwaka na zaidi. Alhamisi karakana ilifungwa mapema, nikawa mgeni wako wa Alhamisi, saa kumi. Jumatano nilimpitia Bi Hadija, nikamwambia, "Mama, shikamoo. Mgeni wa kesho yupo." Naye huku akigeuza vitumbua vyake hujibu, "Marahaba, nitamfikishia." Mara mbili nilizuiwa na kazi, nikamwambia, "Mgeni wa kesho amepata udhuru." Alhamisi iliyofuata ulinipokea vilevile, bila swali wala kununa.

Nakumbuka chumba chako kilivyokuwa nikifika. Sakafu imefagiwa, imenyunyizwa maji kidogo, udi umekwisha kuwaka. Ulikuwa unakaanga muhogo kwa sababu nilikuambia siku moja kwamba nyumbani tuliupenda. Tulizungumza sana, Tatu. Ulinisimulia habari za mama yako kule Kisarawe, jinsi alivyokukatalia kwa miaka miwili usikanyage kwake baada ya kusikia unavyoishi mjini, na jinsi alivyokuja mwenyewe mwisho wake, na kuku kapuni, akakaa kwenye kitanda chako akalia, kisha akakuuliza chumvi iko wapi ampikie mwanawe. Ulipofika hapo ulicheka mpaka ukajifuta macho.

Sasa nafika kwenye Alhamisi ile.

Jumatano nilimpitia Bi Hadija kama kawaida nikasema nipo. Alhamisi mchana, mjomba wangu akateremka kutoka kusini pamoja na wazee wawili. Walikuja kuzungumza habari za mchumba niliyetafutiwa. Tukakaa Keko, nyumbani kwa mtu wa kwetu, mkeka ukatandikwa uani, chai ikaja. Ilipokaribia saa kumi nilikukumbuka. Nataka ujue hilo, sikusahau. Kutoka Keko mpaka kwako si mwendo wa kumchosha mtu. Ningeweza kumwambia mjomba nanyoosha miguu. Ningeweza kumtuma mwenzangu mmoja kwa Bi Hadija na maneno mawili tu.

Nikajiambia, "Ah, yule ni malaya. Atapata mwingine."

Ndivyo nilivyosema moyoni, neno kwa neno. Mwaka mzima nimekula chakula chako na kukuita Bi Tatu, kumbe neno lile lilikuwa limekaa ndani yangu linangoja siku ya kulitumia. Nikanyoosha kikombe nikaongezewa chai.

Alhamisi iliyofuata nilikuja. Bi Hadija alikuwa amepokea salamu zangu bila kunitazama, nikadhani ana shughuli nyingi. Nilipoingia, hapakuwa na udi. Ulikuwa umekaa chini, umejifunga kaniki, uso umekuvimba.

"Mama amefariki," ulisema.

Ukanieleza bila kupandisha sauti. Jumatano jioni alitumwa mtu kutoka Kisarawe kukuambia mama yako hali si nzuri, anakutaja. Lori la mkaa lilikuwa linaondoka Alhamisi asubuhi. Bi Hadija akakwambia, "Panda, shoga, mimi nitamweleza mgeni wako." Ukakataa. Ulisema umekwisha kunipa neno, na karakanani hutanitumia mtu, na lori la pili lipo saa kumi na moja. Utanisubiri saa kumi, unieleze mwenyewe kwa kinywa chako, kisha ukimbilie lori.

"Nikasikia saa kumi na moja inafika," ulisema. "Nikasema labda amechelewa njiani. Lori likapita. Nikaondoka Ijumaa asubuhi. Nimefika watu wananawa mikono, wanatoka makaburini."

Ukanitazama, na najua ulikuwa unanipa nafasi. Nami nikasema, "Nilishikwa na homa, Bi Tatu. Sikuweza hata kuinuka."

"Pole," ulisema.

Ukainuka. Ukachochea seredani, ukabandika sufuria, ukanipikia uji wa mchele. Wewe, mfiwa, ulisimama ukikoroga uji wa mtu aliyekuwa mzima kabisa. Ukanikabidhi bakuli kwa mikono miwili, ukasema, "Unywe kabla haujapoa. Homa inamaliza nguvu." Nikaunywa wote. Sikujua ningefanya nini kingine na macho yangu.

Nilikuja mara tatu tena baada ya hapo, na kila mara uliniuliza kama homa imerudi. Ya nne sikuweza. Nikampitia Bi Hadija nikamwambia, "Mgeni wa Alhamisi amesafiri." Sikuwa nimesafiri popote. Nilikuwa Chang'ombe palepale, natengeneza kitanda cha harusi yangu.

Nimeoa, Tatu, nina watoto wawili. Mke wangu ni mtu mwema. Mwaka huu nilimsimulia yote, kwa sababu kila mtu wa nyumbani kwetu alipoumwa naye akaniambia nimpikie mgonjwa uji, mimi nilitoka nje. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaniambia, "Kamtafute umwambie."

Nikaenda Temeke. Chumba chako kina mtu mwingine. Bi Hadija bado yupo, amezeeka, vitumbua sasa anapika mkwewe. Nikamsalimu, nikamwambia nimekuja kusema ukweli kuhusu homa yangu. Akanikatisha.

"Jioni ile mimi nilipita Keko kumtazama mgonjwa wangu. Nilikuona umekaa mkekani unacheka. Nilimwambia Tatu aliporudi matangani."

"Alijua?"

"Alijua kabla hujaja. Nilimwambia akufukuze. Akasema, 'Nitamsikiliza kwanza.' Ulipotoka nikamuuliza, mbona umempikia? Akasema, 'Amesema anaumwa. Ningefanyaje?'"

Nilikaa kwenye kibaraza chake. Akaniambia umeolewa na bwana mmoja wa huko pwani ya kusini, mmeondoka, na hajui mji wenyewe. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, ipite mikono ya watu.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kisarawe. Sikujua naenda kufanya nini. Niliuliza nyumbani kwa marehemu mama yako, nikaonyeshwa kwa mjomba wako, mzee mrefu mwenye jicho moja bovu. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Ningeweza kusema rafiki. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemchelewesha Tatu siku ya msiba."

"Alituambia lori liliharibika njiani."

"Halikuharibika, mzee. Alikuwa ananisubiri mimi. Nilimwahidi nikakaa, sikumtumia hata neno."

Aliingia ndani, nikasikia sauti za wanawake zinamuuliza kitu. Nilidhani atatoka na fimbo, na nilikuwa tayari. Alitoka na jembe. Akatangulia mbele, nami nikamfuata mpaka kwenye kaburi la mama yako, nyuma ya mihogo. Majani yalikuwa yamelimeza lote.

Akanipa jembe. "Anzia miguuni," akasema. "Polepole, usiuchimbe udongo wake."

Nilipalilia mpaka jua likawa la utosi. Yeye alikaa pembeni, hakuondoka. Nilipomaliza alinitilia maji nikanawa mikono, akaniambia, "Ukipita tena huku, usipite bila kubisha hodi."

Sikuombi msamaha kwa barua hii, Tatu, maana najua utanipa, na sistahili kuupata kwa urahisi kiasi hicho. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu, kwa maneno yangu, kwamba sikuumwa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako huko ulipo.

Ni mimi, aliyekuwa mgeni wako,
Benedikti, seremala