Kwa Bwana Bado Hatujui, Aliyefika Kabla ya Redio

Mwaka umezunguka, Baba watoto, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na kiti chako cha kando ya dirisha hakuna anayekikalia. Wajukuu wakipita wanakizunguka kana kwamba umeketi, usije ukawauliza kama wamenawa mikono.

Wengi walikujua kwa sauti tu. Miezi saba ya vita ulikuwa msemaji wa serikali, na kila siku saa saba mchana nchi nzima ilinyamaza kukusikiliza. Ulisema tulichopata, ulisema tulichopoteza, na pengine ulisema, "Hilo bado hatujui." Wakakubandika jina: Bwana Bado Hatujui. Na mimi sokoni nikawa Mama Bado Hatujui, wauza nyanya wananiuliza kama bei naijua. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukapaliwa na chai.

Kalamu yako nyekundu haikuwa na huruma. Wakikuandikia "adui amesambaratishwa", unafuta. "Vijana wetu mashujaa" unabakiza "vijana wetu". Waziri alipotaka utangaze kwamba daraja liko mikononi mwetu, ulimwuliza nani ameliona. Hakuna aliyeliona. Hukutangaza. Akakufokea mbele ya makarani, ukarudi nyumbani umenyong'onyea, hata viatu nikakuvua mimi. Lakini wiki iliyofuata ulipowaambia watu wa bondeni wahame kabla ya jioni, walihama wote, magodoro kichwani, na makombora yalikuta nyumba tupu. Jirani yetu wa sasa, fundi cherehani, alikuwa mmoja wao. Mpaka leo hunikumbusha: "Yule hakuwahi kutudanganya, shemeji. Tungebaki kwa nini?"

Hata nyumbani uongo ulikushinda. Mgeni anasifia mchuzi wangu, wewe unasema chumvi imezidi kidogo. Nilikununia mara ngapi, na kesho yake unaniletea karanga kwenye karatasi, unaziweka mezani.

Majina ya waliouawa hukuyasoma redioni kabla ya kupiga hodi kwenye kila nyumba. Ukifika kona ya mtaa ulivua tai, ukaikunja, ukaitia mfukoni. Ulisema mfiwa asianze kuiona serikali, aanze kumwona mtu. Basi watu wakajifunza kukutazama shingoni.

Kisha kikosi cha kitinda mimba wetu kikapotea vitani. Siku kumi na tisa. Kila ulipoingia nilikuuliza, na wewe, mume wangu kwa miaka thelathini, ukanijibu kama ulivyoijibu nchi. Nilikuchukia, nakiri mbele za watu. Siku moja nikakuomba unidanganye, leo tu, nipate usingizi. Ukanishika mikono yote miwili.

"Sijui, mke wangu. Lakini siku nikijua, utajua kabla ya redio."

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, nilikuwa uani naanua nguo. Nikakuona kwenye kona, unakuja mbio, shingo tupu. Nikakaa chini kwenye tope, mashuka mapajani. Nawe, ambaye hukuwahi kupaza sauti hata kwa watoto, ukapiga kelele kutoka kulekule: "Yu hai! Mama watoto, yu hai, yuko hospitali!"

Kumbe tai uliivua kwa joto, ukaisahau kwenye kiti cha ofisini. Nilikuchapa kwa shuka bichi, huku nalia, huku nacheka, na wewe unaomba radhi na pumzi huna. Saa saba ukasoma majina ya kikosi kizima kilichopatikana, kwa sauti ileile ya kila siku. La mwanao ulilisoma la tisa, kwa zamu yake.

Mwaka jana ni yeye huyohuyo aliyekesha nawe hospitali. Asubuhi nilikuwa uani pale pale. Nikamwona kwenye kona na fimbo yake, anakuja polepole. Nikasubiri apige kelele. Hakupiga. Alipofika nilikuwa nimeshakaa chini, na yeye akakaa karibu yangu, na mguu wake ule mbovu tangu vita, tukalia pamoja.

Redio ilikutangaza saa saba mchana, kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nimeshajua. Ahadi yako mwanao aliitimiza.

Unakumbukwa na mimi mkeo, kitinda mimba wako, binti zako wawili na wakwe zako, dada yako mkubwa, ambaye tangu ulipostaafu hakubali kwamba hii iliyopo ni redio, wajukuu watano, na karani wako wa zamani, aliyeitunza kalamu nyekundu mpaka akatuletea.

Tutaonana lini, hilo bado hatujui. Kwamba tutakukumbuka daima, hilo tunalijua.