Kipande cha Ugali Ninachobakisha

Atieno nyakwara, mjukuu wangu,

Hujambo huko Machakos? Sisi wa Ahero tupo. Ng'ombe amezaa, lakini mvua haijakatika. Kila nikiandika kidogo nainuka kutazama maji yamefika wapi, kwa hivyo usishangae mwandiko ukiyumba.

Unasema mama mkwe wako alinuna ulipobakisha ugali, akidhani umedharau mapishi yake. Unauliza tabia hiyo tuliitoa wapi.

Nikiwa msichana, nilikaa kwa shangazi yangu kule Katito. Siku moja akapata mgeni, mama mmoja kutoka mbali. Kwao mgeni humaliza sahani kwa heshima. Kwetu sahani tupu inasema njaa bado ipo. Basi yeye akimaliza, shangazi anaongeza. Akimaliza tena, anaongezwa tena. Mimi na binamu zangu tuko jikoni, tunatazama sufuria ikikwanguliwa.

Yule mama alijikaza mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akaleta sahani jikoni mwenyewe, akaona sufuria tupu na sisi tumeizunguka. Asubuhi alikunywa uji nusu kikombe, akausukuma uliobaki upande wangu.

Mwambie mama mkwe unabakisha kwa sababu umeshiba, na pia kuna mtu nyuma yako ambaye hajala.

Mimi bado nabakisha. Babu yako hayupo, nyinyi mmetawanyika, lakini nikishakula nafunika kile kipande changu, halafu naenda mlangoni kuangalia barabara.

Ni mimi, dani, bibi yako.