Kauli ya Kumi na Nne na Watu wa Kerende

Jumamosi, Morotonga. Mvua imekatika saa tisa, jua limerudi bila nguvu, na nguo nilizofua jana bado mbichi kwenye kamba. Nina rasimu ya ripoti mapajani na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Nimeanza na mimi mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilipata kazi ya kukusanya takwimu kwa mtaalamu wa sosholojia kutoka chuo kikuu, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa, ambaye sote tulimwita Dokta. Alikuwa anatafiti tunu za harakati za kisiasa vijijini: watu wanathamini nini, wanamfuata nani, na kwa nini. Akachagua harakati ya ardhi ya Kerende. Sasa Kerende ni kwetu. Huku Morotonga nimefuata kazi tu, na shangazi yangu Robi ni mmoja wa walioianzisha hiyo harakati. Wanataka mkutano wa kijiji uulizwe kwanza kabla malisho au shamba lolote halijapimwa, na katika uchaguzi wa safari hii wanawaunga mkono wagombea wa vitongoji watakaoahidi hivyo, wawe wa chama chochote.

Dokta alinipenda kwa sababu mimi ni mwenyeji. Nami, niseme ukweli, nilijipenda zaidi yake. Nilipita nyumba hadi nyumba na kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni, nikijiona msomi kamili.

Kauli ya kumi na nne kwenye dodoso ilisema: mwanachama mwema hampingi kiongozi wake. Unaisoma, mtu anachagua jibu moja kati ya matano, kuanzia nakubali kabisa mpaka sikubali kabisa. Karibu wote walisema nakubali kabisa. Shangazi hata hakunisubiri nimalize kusoma.

Sasa rasimu imekuja, na Dokta ameniomba niandike muhtasari wa Kiswahili niusome Jumanne kwenye mrejesho, pale shuleni Kerende, mbele ya walewale walionijibu. Sentensi ya pili ya matokeo inasema harakati hii inathamini utii kuliko mjadala.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Maana nilikuwepo. Wiki mbili kabla ya dodoso nilikaa kwenye mkutano wao, wanaouita ritongo, jina la baraza la wazee wa Kikurya wa zamani, ila hili lao wanawake nao wanaingia. Mwenyekiti wao, mzee Marwa, alikuwa amekwenda ofisi ya ardhi peke yake bila kutumwa na mtu. Wakamweka katikati tangu asubuhi. Shangazi ndiye aliyeanza, akamuuliza alikwenda kwa niaba ya nani, akarudia kumuuliza, akakataa kukaa mpaka ajibiwe. Watu walibishana mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani. Mwisho Marwa akaomba radhi, akaambiwa kuanzia leo haendi ofisi yoyote bila watu wawili wa kufuatana naye. Tulipotoka, jirani aliyekuwa anapita akauliza kulikoni humo ndani. Kila aliyeulizwa alimjibu vilevile: tumeelewana.

Ndiyo desturi. Ndani unabisha mpaka sauti ikauke. Ukishatoka, mbele ya mtu ambaye hakuwemo, mna neno moja.

Na mimi nilikwenda kuwauliza nje, uani, Dokta amesimama pembeni na daftari lake. Mgeni! Nani Kerende angemsema mwenyekiti wake mbele ya mgeni? Nilijua hilo hata wakati kidole changu kinagusa kioo. Lakini dodoso halikuwa na nafasi ya maelezo, wingu lilikuwa linapanda upande wa mto Mara, na nyumba sita zilikuwa zimebaki. Nikaweka alama, nikaaga.

Jana nilikwenda kumsomea shangazi ile sentensi. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, nikasoma. Alikuwa anapepeta mtama na hakuacha kupepeta. Aliniambia wapinzani wao wakiipata karatasi hiyo wataitoa kopi waigawe kitongoji hadi kitongoji, waseme hawa ni ng'ombe wa Marwa, anawaswaga anakotaka. Kisha akaweka ungo chini.

"Ulikuja kwangu na mgeni, nikakujibu la mbele ya mgeni. Sasa Jumanne waambie, wewe si ulikuwemo ndani?"

Nikaahidi. Nilitaka niondoke na ahadi yangu, moyo mweupe, nikampinge Dokta na ripoti yake. Ila Bhoke alikuwa amekaa palepale anamenya mihogo. Bhoke ni mkwe wa shangazi, mke wa mtoto wake wa kiume. Siku ile ya ritongo tulikwenda pamoja, na njia nzima alikuwa ananieleza jambo lake: kile kipande cha karibu na kijito ambacho wanaume wanataka kiwe malisho tu, wanawake wadogo ndipo wanapolima mboga, na hakuna aliyewauliza. Alikuwa amejipanga vizuri kuliko hata mimi na dodoso langu. Akakaa kutwa nzima pembeni yangu na hakunyoosha mkono. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mama mkwe alikuwa ameshaongea.

Bhoke naye alijibu nakubali kabisa.

Hapo ndipo ninapokwama tangu jana. Shangazi na Bhoke wako kwenye kisanduku kimoja. Mmoja alimaanisha kwamba kiongozi hapingwi nje kwa kuwa ameshapingwa ndani. Mwingine alimaanisha kwamba hapingwi, basi. Ripoti imemwonea shangazi, na bila kujua imesema kweli juu ya Bhoke. Nimejaribu kuwa na hasira na Dokta, imeshindikana, maana hakuna hata moja kati ya hayo nililomwambia.

Asubuhi nikampigia Dokta, nikamweleza. Ameshaniahidi kazi ya utafiti mwingine huko Ikoma na niliona naichoma mwenyewe. Hakukasirika. Aliniuliza maswali karibu saa nzima, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekata tamaa nacho. Mwisho akasema, "Rasimu ni rasimu. Jumanne simama useme ulichokiona. Chote."

Chote ndilo tatizo. Nusu ya kwanza nitapigiwa makofi na shangazi atatembea kifua mbele. Nusu ya pili ni kusema, mbele ya Dokta, kwamba kwenye ritongo la shangazi yangu wakwe wanameza maneno yao. Na hilo sikulisema ndani nilipokuwa na nafasi. Nimempigia Bhoke kumuomba ruhusa. Akasema nisimtaje jina, ila niseme.

Mchana huu nimefungua kishikwambi nikajihoji mwenyewe, kauli moja baada ya nyingine, nione inavyokuwa kuulizwa. Nilitaka kujua tu. Nikafika ya kumi na nne. Chumbani niko peke yangu, hakuna mgeni, hakuna shangazi, hakuna wa kuniona.

Kidole kimekwenda chenyewe kwenye nakubali kabisa.

Nimekaa nakitazama kile kialama. Hiyo ndiyo tunu yangu, au ni woga wangu, au ni malezi tu? Dokta atajuaje, kama mimi mwenye kidole sijui?

Sijakifuta. Jumanne nitaanza kwa kuwaonyesha jibu langu. Kisha, Mungu anisaidie, nitampinga shangazi yangu mbele ya mgeni.