Jina Lako kwa Kiingereza

Baba wa Ambokile,

Tulikupoteza Jumanne alfajiri, na mimi siku hiyohiyo nikapoteza ukuta. Wenzangu wamepoteza baba, kaka, jirani. Wana namna ya kukulilia. Mimi mkamwana wako nimekulilia nyuma ya nyumba, khanga mdomoni, kwa sababu dada yako amesema sauti yangu isisikike msibani. Amesema imekwisha kusikika vya kutosha.

Nakuandikia Kiswahili. Kinyakyusa kitanichoma, na Kiingereza sikiamini tena.

Unakumbuka tulivyoanza. Mwaka ule picha ya Mfalme iliposhushwa maofisini na ya Malkia ikapandishwa, ulirudi kutoka Iringa, mkalimani aliyestaafu, umefiwa na mke, una sanduku moja na mwavuli. Ambokile akasema baba yake hawezi kuzeekea Kihesa kule Iringa kwa majirani wakati ana mtoto hapa Ilomba. Nikamwuliza mume wangu, na mila je, itakaa wapi? Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, halitaji jina lake hata kwa kuteleza ulimi. Ndiyo maana kijijini huwajengea wakwe mbali. Mjini kiwanja ni hichohicho. Ambokile akatoboa mlango wa pili upande wa nyuma, akasimamisha ukuta wa matete kati ya baraza yako na jiko langu. Nikawa nakohoa kabla ya kupita, na wewe unakohoa kabla ya kutoka. Majirani wakadhani nyumba nzima tuna kifua.

Mimi sikurithi kitu, hilo unalijua. Nilianza na kikapu cha njegere kichwani mpaka nikawa nauza mboga nyumba zote za Uzunguni. Kwenye hesabu hakuna aliyewahi kuniibia. Kwenye maneno niliibiwa kila siku. Ndipo asubuhi moja nikawa jikoni najifunza Kiingereza cha kuuzia, kwa sauti: njegere zangu "cheap", mama, "very cheap". Wewe, upande wa pili, ukakohoa. Kisha ukasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma tangazo: "Ukuta, mwambie huyo mfanyabiashara asizitukane njegere zake."

Niliganda na mwiko mkononi. Hukusema nami, ulisema na ukuta. Tena hukusema kwa lugha yenye wakwe. Basi na mimi nikauuliza ukuta, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kosa liko wapi. Ukaueleza kwamba "cheap" ni bei ndogo, sawa, lakini mna harufu ya kitu hafifu ndani yake. Aseme "reasonable". Bei ileile, ila mnunuzi atajiona ana akili na muuzaji atabaki na heshima yake. Kesho yake nikajaribu. Mama mmoja wa Kizungu akachukua kikapu chote, akaniuliza naitwa nani. Alikuwa hajawahi kuniuliza.

Tangu siku hiyo ukuta ukawa shule yangu. Ulisema neno lina mwili, lina nguo, na lina mlango. Mwili ni ule unaoukuta katika kamusi. Nguo ni sifa au dharau liliyovishwa. Mlango ni nani anamwambia nani. Nilibisha. Nilisema mimi ni mtu wa sokoni, debe ni debe. Ukacheka mpaka matete yakatikisika: "Ukuta, muulize, debe lipi? La kununulia au la kuuzia?"

Halafu ukatoa mfano wa mpishi wa yule mama, mzee wa Kisafwa mwenye wajukuu, anayeitwa "boy". Mwili wa neno hauna ubaya, ni mtoto wa kiume tu. Litazame nguo zake. Mwisho ukauambia ukuta kwamba miaka yote ile Iringa, ulipokuwa ukiyavusha maneno ya wakubwa kwenda Kiswahili na Kihehe, hakuna aliyewahi kukuita "Mister". Walikuita jina tupu, au lile lingine. "Si kitu," ukasema.

Mimi nililisikia hilo "si kitu", Baba. Nililibeba.

Siku ulipougua Ambokile yuko Makongolosi, anachimba dhahabu ya watu. Asubuhi hukukohoa. Nikagonga ukuta kwa mwiko, kimya. Nikamwita jirani, akaingia yeye, mimi nimesimama nje nimeupa mlango mgongo. Akasema mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauna nguvu. Mhindi mwenye duka akatupa gari lake la unga. Wewe na jirani nyuma, mimi mbele, na njia nzima sikugeuka.

Hospitalini daktari wa Kizungu, kijana, akauliza: huyu "boy" jina lake nani? Nikainamisha macho nikamjibu kwa adabu kwamba ni baba wa Ambokile. Hakuinua kichwa. Akarudia, jina la "boy".

Hapa ndipo ninapoona haya. Dada yako nimemwambia kwamba jirani hakulijua jina lako, wala wewe hukuweza kusema. Ni kweli. Lakini ningeweza kung'ang'ania hilohilo la baba wa Ambokile, kalamu ikaandika, ukapata kitanda. Sikulazimika. Nilikasirika tu. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya sokoni, kwamba huyu si "boy", huyu ni "Mister", na nikalitaja. Lote. Lako na la baba yako. Pale ukumbini Wanyakyusa walikuwa wamejaa wakingojea dawa; shingo zote ziligeuka. Mama mmoja alijishika kichwa. Daktari akaandika, akarudia, "Mister", na jina lako. Labda kwa heshima, labda kwa kejeli. Sikuweza kuipima sauti yake.

Na nikakutazama. Hilo dada yako halijui. Macho yako yalikuwa wazi, ulikuwa umenisikia. Ukageuza uso ukutani. Haukugeuka tena.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Ule ukuta wa matete wadogo zako wameubomoa ili waombolezaji wapate pa kukaa, na yaliyobaki tumekokea moto. Ambokile amerudi. Anakula kwa jirani. Sokoni wanawake wa kwetu wananunua kwangu, lakini mazungumzo yanakatika nikifika. Na Jumamosi wazee wanakuja. Wanataka ng'ombe wa kuliosha jina lako.

Ng'ombe nina uwezo naye, bila kukopa. Nataka kujua ni wa nini. Nikimtoa, nimekiri kwamba nilikuvua nguo mbele ya watu ukiwa huna mkono wa kujifunika. Nisipomtoa, sitakanyaga kaburini kwako, na Ambokile itabidi achague mimi au ukoo. Nimelipiga hili hesabu kila upande na halitoki.

Maana baba mkwe mwenye adabu humgeuzia mkamwana uso, hiyo ni heshima. Mtu aliyetukanwa naye hugeuza uso. Na wewe, kila ulipokuwa na neno la kuniambia, ulielekea ukutani. Ni lipi katika hayo? Ulinifundisha nguo za maneno yote ya Wazungu, ukaniacha na shingo iliyogeuka, isiyo na neno hata moja! Nimekukasirikia kwa hilo. Naona haya kukukasirikia, lakini nimekukasirikia.

Pumzika, Baba. Jina lako sitalitaja tena, kwa lugha yoyote. Hata hapa juu ya barua sikuliandika. Ukiniambia nilikutukana, ng'ombe nitamshika kamba mwenyewe nimpitishe sokoni mchana, wanione. Ukiniambia sikukutukana, nitakaa mbele ya wazee na mikono mitupu, waseme watakavyo.

Nimeokoa tete moja motoni, nimelisimamisha jikoni pale ulipokuwa ukuta. Jumamosi, kabla ukungu haujainuka mlimani Loleza, nitakuwa nimekaa upande wangu. Kohoa, kisha uliambie tete, kwa Kiingereza ukipenda, lakini moja kwa moja: nilikuvika, au nilikuvua?